Jina Ubavuni mwa Dorcas

Hillmorton, 9 Machi 1986

Kwa dada yangu Kezia, huko upande wa chini wa dunia ambako watu hutembea vichwa chini na kofia hazianguki,

Nakutumia salamu nzito, shehena kamili, mpaka maji yamefika ukingoni mwa boti. Mimi mzima. Magoti ndiyo yameniasi: la kushoto linataka kwenda kulia, na la kulia halitaki kwenda kokote. Lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ningali kijana, na wajane wa mtaa huu wanalijua hilo ingawa hawasemi. Binti yangu Glenys amejifungua wa tatu, kichwa kikubwa kama cha baba yetu, nasikia mkunga alimpa mtoto pole. Tangu Edie wangu afariki najipikia mwenyewe. Juzi nimechemsha njegere mpaka jirani akaita zimamoto.

Sasa kaa chini. Umekaa? Dorcas yu hai.

Boti yetu, Kezia! Ile tuliyozaliwa ndani yake wewe na mimi. Imeonekana kwenye tope, kwenye tawi la zamani la mfereji nyuma ya kiwanda cha matofali, mti umeota katikati yake na bata wametaga kwenye kitanda cha mama. Kuna watu wa kujitolea wameifukua. Watu wazima wenye kazi zao za maana, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja hupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Kila Jumamosi na Jumapili wanakuja kulala chali chini ya boti, wanakalafati nyufa, lami inawadondokea usoni, halafu wanarudi makwao wanaimba. Bure! Sisi tulifanya hivyo kwa njaa, wao wanafanya kwa raha. Dunia imekwisha.

Nilipotokea pale nikasema, "Mimi ni Noah Skett, nimezaliwa mle ndani," walinitazama kama mtu aliyefufuka. Wakaniletea kiti. Sasa nyundo siruhusiwi kushika, kazi yangu ni kukaa na kusema, na wewe unajua kusema hakujawahi kunishinda.

Ila kuna jambo. Mwenyekiti wao, Bwana Yelland, yule mwalimu, ana sheria moja: hakuna kitu kitakachopakwa rangi kwenye boti hii bila picha ya zamani ya kukithibitisha. Boti yao ya kwanza waliirembesha kwa kusikiliza hadithi za wazee, watu wa makumbusho wakaja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo, hakuna picha, hakuna rangi. Na picha waliyo nayo ni moja tu, ya zama boti ilipokuwa ya kampuni, kabla mzee wetu hajainunua Dorcas. Kwa hiyo ubavuni wataandika jina la kampuni. La kampuni! Mzee alivuja jasho nusu ya maisha yake ili alifute jina lile. "Josiah na Noah Skett, Wenye Boti," herufi nyeupe juu ya nyekundu, kila daraja lililisoma. Sasa litakuwa jambo ambalo halikutokea.

Picha iliyopigwa Braunston siku maandishi yalipokauka, unayo wewe. Uliondoka nayo. Itume.

Nduguyo, ambaye bado anaweza kumwangusha mchimba makaa kwa mkono mmoja kama mchimba makaa mwenyewe ni mzee,
Noah

Geelong, 2 Juni 1986

Mdogo wangu Noah,

Barua yako ilifika. Salamu zimepokelewa, tunakurudishia. Sisi wazima kiasi. Ron kifua kinambana, hasa asubuhi, na daktari amemkataza kupanda ngazi, kwa hiyo anapanda nikienda dukani. Nyanya zilizaa mwaka huu mpaka nikawa nagawa kwa watu nisiowapenda. Baridi imeanza huku, baridi yenyewe ya mzaha, hata maji ya ndege hayagandi.

Mgongo wangu ni uleule. Daktari mpya aliutazama akauliza kama utotoni nilikuwa na ajali. Nikamwambia sikuwa na ajali, nilikuwa na kazi.

Hongera kwa mjukuu. Mwambie Glenys amfunge mtoto tumbo kwa flana, asiwasikilize wauguzi.

Hicho kitanda walichotagia bata, umekiita cha mama. Mama alikilalia mpaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili, akafa juu yake tukiwa tumefunga kamba Napton. Baada ya hapo nilikilalia mimi, na wewe pembeni yangu, unakojoa. Nimeona nikukumbushe.

Jifunike shingo.
Kezia

Hillmorton, 24 Juni 1986

Dada Kezia mpenzi,

Ron nimemwombea. Nilikwenda kanisani kabisa, na kasisi aliponiona mlangoni akadhani kuna aliyekufa. Glenys hajawasikiliza wauguzi wala hajanisikiliza mimi. Huku jua limetoka siku mbili mfululizo, watu wamevua mashati, mandhari ni ya kutisha.

Bahasha yako nimeigeuza juu chini, nimeitikisa, mwisho nimeipasua ikalala bapa mezani. Picha haimo. Nadhani umesahau. Umri.

Hapa kazi imeshika moto. Juzi tumepinda ubao wa mwaloni wa omo, ile pua ya mbele ya boti. Wameupika kwa mvuke ndani ya sanduku refu, halafu watu wanane wakautoa wanakimbia nao, maana ukipoa kabla hujaubana umekula hasara. Mimi nikawa napiga kelele za kuwahimiza. Bibi mmoja wa hapa, Maureen Tolley, ndiye yule wa daktari wa meno, akasema, "Mzee Noah, ukifunga mdomo mvuke utabaki ndani ya sanduku." Nampenda sana. Yeye ndiye mwenye mkono wa kuandika herufi. Amejifundisha kwa vitabu, na brashi yake haitetemeki. Namletea mikate yenye bekoni kila Jumapili, na wengine wote nawaletea, usidhani nambagua mtu, mimi huyu mkono wangu haujui kufumba.

Nikamwambia Yelland, "Bwana, neno langu halitoshi? Mimi ndiye Noah wa ubavuni!"

Akavua miwani, akaifuta. Kila anapotaka kumuumiza mtu huifuta. "Bwana Skett, sikutilii shaka. Ila mwezi uliopita ulitwambia ulipigana na bingwa wa ndondi juu ya daraja la Hawkesbury, ukamtupa majini."

"Ni kweli."

"Wiki iliyofuata alikuwa bingwa mwingine."

"Ni daraja refu," nikasema.

Walicheka wote, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani niliimwaga chai bila kuionja. Wanapiga kura mwezi wa Novemba. Bila picha, kampuni inarudi ubavuni.

Kezia, ni picha tu. Haina uzito. Weka katikati ya kadi mbili, lamba stempu.

Noah

Geelong, 15 Septemba 1986

Noah,

Ron alilazwa, ametoka. Ndiyo maana nimechelewa, na pia siyo. Bustani imeanza kuamka. Mbwa wa jirani amekufa na jirani amenihuzunisha zaidi ya mbwa.

Sijasahau kitu. Picha iko kwenye droo, chini ya taulo za wageni. Huitoa mara chache. Nilipokuwa kijana niliitoa sana.

Wewe hujaiona tangu mwaka arobaini na saba nilipoondoka, kwa hiyo jaribu kuiona sasa hivi bila picha. Mzee yuko tezi, kule nyuma ya boti, mkono juu ya usukani, ingawa ulikuwa mkono wangu uliokuwa na malengelenge ya usukani ule. Wewe umekaa juu ya paa la kijumba cha boti, miaka kumi na minne, umevaa kofia ya mzee. Farasi wa kuikokota boti kakatwa kichwa, mpiga picha hakumpata mzima. Na mimi je? Nimesimama wapi?

Fikiri. Huko unakaa kwenye kiti, una nafasi.

Kezia

Hillmorton, 29 Septemba 1986

Dada,

Poleni kwa Ron, mpe bia, hospitali humkausha mtu.

Umesimama wapi? Umesimama ukingoni kando ya kijumba, na aproni, umenuna kama aliyekunywa siki. Ulikuwa unanuna sana mwaka ule. Mpiga picha ndiye aliyekuweka pale, kwa sababu ya jua. Ndiyo fumbo lako? Nimesubiri miezi sita kwa fumbo la jua?

Nitasema sasa kwa kuwa umenichokoza. Wewe ulikwenda zako. Baada ya ile baridi kuu ulifunga sanduku, ukaolewa na Ron wako, ukapanda meli. Mimi nilibaki na mzee. Mimi nilivunja barafu kwa shoka, mimi nilimbeba alipokuwa hawezi kushuka ukingoni, mimi nilimzika, na shada lako la maua lilifika limekauka. Dorcas niliiacha siku walipoacha kutupatia shehena, nikaendesha lori mpaka nywele zikaisha. Sina nyumba yenye jina langu, sina duka. Kitu kimoja tu duniani kiliwahi kuandikwa jina langu kwa brashi nzuri. Kimoja, Kezia. Nakiomba kirudi kabla sijafa, na wewe unakilalisha chini ya taulo.

Nimeandika kwa hasira. Sifuti, maana nikifuta karatasi inatoboka.

Noah

Asubuhi: Nimeisoma tena na kahawa. Bado siifuti. Lakini jifunike shingo na wewe.

Geelong, 27 Oktoba 1986

Noah,

Wazima. Nimeituma picha leo, kwa Bwana Yelland mwenyewe, kwa anwani ya chama iliyo juu ya karatasi unazoandikia. Sikuituma kwako kwa sababu ungeikata.

Kezia

Hillmorton, 1 Desemba 1986

Kezia,

Sijui nikusalimu vipi. Basi chukua salamu ya kawaida, ya mtu na mtu.

Picha ilifika siku ya kura. Yelland aliifungua mbele ya watu wote, kwenye kibanda cha zana, mvua inapiga bati. Mimi nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watanunua keki ya aina gani.

Maureen akaishika kwenye taa. "Jamani, ni hiyo! Rangi iliyokoza na pambizo, hata waridi za mlangoni zinaonekana! Na maandishi... JOSIAH... halafu SKETT kule mwisho. WENYE BOTI chini."

"Na katikati?" Yelland akauliza.

"Katikati kuna msichana."

Wakapokezana. Kila aliyeitazama picha alinitazama na mimi. Nikainyakua. Dada, umesimama palepale. Umebana mgongo kwenye ubavu wa boti, mabega umeyatanua, hata aproni umeishika huku na huku kama mtu anayekinga upepo. Jina langu liko nyuma yako, lote, hata ncha ya herufi haikuchomoza.

"Ni mimi huyo!" nikawaambia. "Nyuma ya aproni ni Noah! Mwenye kofia juu ya paa!"

Yelland akafuta miwani. "Inawezekana. Lakini hatuwezi kuandika kilichoko nyuma ya aproni, Bwana Skett."

"Wewe unafikiri palikuwa na nini? Tangazo la sabuni?"

Maureen alinitetea, na bibi yule akitetea huwa anakuja na kidole. Alimwambia mwenyekiti wake kwamba sheria ikizidi akili inakuwa kiti bila miguu. Wakabishana mpaka taa ya mafuta ikaanza kutoa moshi. Mwisho wakakubaliana hivi: kampuni haitarudi, la mzee litaandikwa kwa kuwa linaonekana. Na lile la katikati, kama mashahidi wawili walio hai watatia sahihi maneno yaleyale, kamati itayapokea kama picha. Mashahidi waliobaki duniani ni wawili. Mimi nimekwisha kuandika langu. Karatasi yako iko njiani.

Sikuulizi kwa nini. Ilikuwa utoto. Andika tu kilichokuwepo nyuma yako, neno moja, nami nitasahau yote, nitakuletea hata kopo la maji lililochorwa waridi kama la mama, Maureen ataniandalia.

Noah

Geelong, 12 Januari 1987

Mdogo wangu,

Mwaka mpya umetukuta. Joto ni kali, Ron analala kwenye sakafu ya bafu. Nilipika pudingi ya Krismasi kwa mazoea tu, tukaila tukiwa tumevua viatu.

Hukuniuliza kwa nini, kwa hiyo nitakwambia.

Siku ile Braunston, fundi wa maandishi alikuja na vyungu vyake. Hakuna aliyejua kusoma pale kwetu, mzee alikuwa hajui, wewe na mimi tulikuwa bado hatujajifunza. Fundi akawa anachora na sisi tunatazama kama ng'ombe. Mzee alikuwa amemnong'oneza la kuandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tangu mama afe nilikuwa nimeshika usukani, nimepika, nimefua, nimekulea. Farasi alipochechemea kutoka Hillmorton mpaka Napton, aliyevaa mkanda kifuani akaikokota boti yenye shehena ni mimi, wewe ukila mkate tezi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikamfuata fundi, nikamwambia, "Nionyeshe nilipo mimi."

Akamtazama mzee.

Mzee akacheka. "Wewe utaolewa, utabeba jina la mtu. Niharibu rangi yangu?"

Na wewe ukacheka pale juu ya paa. Ulikuwa na kofia yake. Ukasema, "Muandike kwenye ndoo!" Nakumbuka kila kitu, maana mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Nikamwambia fundi, basi nionyeshe hayo. Akaninyoshea kidole: hapa Josiah, hapa Noah, hapa Skett. Nikajifunza mahali, sikujifunza herufi. Mpiga picha alipokuja, nilikwenda nikasimama mahali. Jua lilikuwa upande mwingine.

Karatasi ya kamati yako imefika. Nimeijaza na kuirudisha. Nimeandika kwamba nyuma yangu palikuwa na "Noah na Kezia". Maureen wako atapata nafasi, nimeona picha, zile herufi zikibanwa kidogo zinaenea. Ukiandika kama nilivyoandika mimi, majina yote mawili yanarudi, na wewe unapata lako kama unavyotaka. Ukikataa, shahidi mmoja hasemi kama mwingine, na sheria yao unaijua.

Sikuombi. Nimetia sahihi yangu. Inayongojewa ni yako.

Kezia

Hillmorton, 8 Februari 1987

Dada Kezia,

Hapa theluji. Mfereji umeshika ganda jembamba, bata wanatembea juu yake wakiteleza kama walevi wa Jumamosi. Goti la kushoto limekufa rasmi. Glenys anakusalimu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Maureen amesoma karatasi yako pale kibandani, kwa sauti, nami nimekaa kwenye kiti changu.  Wakaendelea kupaka rangi waridi za mlangoni, wote, hata wasiojua kupaka.

Kezia, siwezi. Sisemi hukufanya kazi. Ulifanya, na mimi nawaambia hapa kila siku, waulize: dada yangu aliweza kuingiza boti kwenye lango la maji bila kugusa jiwe, gizani, huku anakaanga mayai. Nimewasimulia kuhusu mkanda kifuani, nimeongeza na chumvi. Njoo uje, utashika usukani mbele ya watu wote, mimi nitakaa chini nimenyamaza, uone maajabu hayo. Chukua kopo, chukua mlango wa kijumba, chukua kiti changu.

Lakini lile halikuandikwa. Mzee alisema aandikwe Josiah na Noah. Ndivyo ilivyokuwa, na mzee hayupo wa kuulizwa. Nikitia sahihi maneno yako nimemfanya mwongo kaburini. Ya mabingwa wa ndondi ni porojo, watu wanajua ni porojo, wanacheka tunakunywa chai. Hii ni ubavu wa boti.

Na ile ya ndoo siikumbuki. Nimejaribu.

Andika upya, nakuomba kwa mama. Kilichokuwepo. Basi.

Noah

Geelong, 9 Machi 1987

Noah,

Ron anaendelea vizuri, anakusalimu na kusema sisi wawili, wewe na mimi, ni wapumbavu. Nyanya mwaka huu zimeshikwa na ukungu.

Umeniambia unawasimulia kazi zangu na kuongeza chumvi. Hazikuhitaji chumvi.

Mwaka ule mlikuwa na haki ya kucheka, mmoja baba, mmoja mtoto. Sasa mtoto ana miaka sitini na mitatu na brashi iko mkononi mwake, na bado neno ni lilelile. Nilitaka kujua hilo tu. Nilingoja kulijua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Sitaandika upya.

Kezia

Hillmorton, 30 Juni 1987

Dada Kezia,

Mimi mzima, mjukuu ameota meno, Glenys anauma kucha. Hujajibu barua zangu mbili za Aprili na Mei. Labda Ron. Labda si Ron. Naandika tu, stempu ninazo.

Dorcas imeingia majini Jumamosi. Nilitaka kukwambia ni mbaya, nikakesha natafuta ubaya wake, sikuupata. Mbao zimekaa, haivuji tone. Shaba za bomba la jiko zinakuchoma macho. Ndani wameweka pazia za lesi na sahani za ukutani, na kitanda cha mama kimekunjwa kama alivyokikunja. Niliingia, nikajigonga kichwa palepale nilipokuwa nikijigonga.

Alfajiri ya siku hiyo Maureen alinikuta ukingoni. Ubavu ulikuwa umeandikwa JOSIAH upande huu na SKETT upande ule, katikati wekundu mtupu, mpana kama mlango. Alikuwa na chungu cha rangi nyeupe na ile karatasi yangu, na kalamu.

"Mzee Noah," akasema, "Yelland hajafika. Futa neno lako, andika kama alivyoandika dada yako. Maneno yaleyale, sahihi mbili. Nitayapaka majina sasa hivi, yatakauka kabla ya saa sita. Mtakuwa wote wawili mle."

"Na nisipofuta?"

"Nisipopata sahihi mbili, nasogeza Skett karibu na Josiah, naandika 'Mwenye Boti', mmoja, kamati imekwisha kupitisha. Wekundu huu hauwezi kubaki, watu watauliza."

"Waulize."

"Mzee." Akanishika mkono. Mkono wake una lami isiyotoka tena, kama mikono yetu ya zamani. "Ni dada yako. Mimi nina dada Wolverhampton, hatujasemezana tangu mama azikwe, kwa sababu ya saa ya ukutani. Saa yenyewe haitembei. Andika."

Niliishika kalamu, Kezia. Naapa niliishika. Nikaiweka kwenye karatasi, na kitu kikanijia kwamba nikiandika hivyo, jina langu litakuwa pale kwa hisani yako. Litasomwa na kila daraja, na mimi kila nikilisoma nitajua nani alinipa. Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia, "Sogeza."

Akalia, bibi wa watu, akasogeza.

Walikuja watu wengi sana, na bendi, na meya mwenye mkufu. Boti arobaini zimepiga honi. Yelland akatoa hotuba akanitaja, nikasimama nikapungia mkono, wakapiga makofi kwa mzee mwenye goti bovu. Mtu mmoja alikuwa kando yangu, mgeni, na mkewe, wanakula aiskrimu. Akausoma ubavu kwa sauti, Josiah Skett, Mwenye Boti. Akamwambia mkewe, "Fikiria, mama. Kazi yote ile, na maisha yale, halafu peke yake. Hana hata mtoto wa kumsaidia."

Mkewe akasema, "Maskini."

Nilifungua mdomo, mdomo huu unaoujua. Maureen alikuwa ameshika kamba ya omo, akanitazama. Yelland naye akanitazama. Bendi ikawa inapumzika, palikuwa na ukimya mzuri kabisa wa kumtosha mtu kusema.

Sikusema. Boti ikapita mbele yetu na jina la mzee, ikaingia chini ya daraja, ikatokea upande wa pili, ikaenda.

Noah